Dawa za Zamani kwa Tiba ya Saratani: Nani Atalipia Utafiti?

Katika famasia ya hospitali ya kawaida kuna dawa ambazo kila muuguzi huzitambua hata kabla ya kusoma lebo: aspirini ya maumivu na ya moyo, metformini ya kisukari, lignokeini ya ganzi, mebendazoli ya minyoo, artesunati ya malaria. Zote zimetumika kwa miongo mingi, bei zake ni nafuu, na madhara yake yanafahamika. Kila moja kati ya hizo imewahi kuchunguzwa ili kuona kama inaweza pia kusaidia dhidi ya saratani. Miongoni mwa dawa za zamani zilizochunguzwa kwa njia hiyo, chache zimethibitika kusaidia, baadhi zimethibitika kutosaidia, na nyingi zimebaki njiani bila jibu. Zilizobaki njiani si lazima ziwe zimeshindwa kisayansi. Mara nyingi kilichokosekana ni mtu wa kulipia utafiti wa mwisho.

Makala haya yanaeleza jinsi dawa ya zamani inavyopewa kazi mpya, kwa nini unafuu wake huweza kugeuka kikwazo, na kwa nini mgonjwa hapaswi kuianza kwa uamuzi wake mwenyewe kabla jibu halijapatikana.

Maana ya kuipa dawa kazi mpya

Dawa haitambui jina la ugonjwa. Inapoingia mwilini hushikamana na molekuli fulani, mara nyingi protini, na kubadili utendaji wake. Iwapo protini hiyo inahusika katika magonjwa mawili, dawa moja yaweza kuyagusa yote mawili. Aspirini huzuia vimeng'enya vinavyochochea maumivu na homa. Vimeng'enya hivyo vina kazi pia katika chembe za kugandisha damu na katika baadhi ya vivimbe vya utumbo mpana. Ndiyo maana dawa iliyoanza kama tiba ya maumivu ilifika kwanza kwa madaktari wa moyo, kisha kwa watafiti wa saratani.

Dawa mpya kabisa hupita njia ndefu. Huanzia maabara, hupimwa kwa wanyama, kisha kwa binadamu katika hatua tatu. Hatua ya kwanza hutafuta kipimo salama kwa watu wachache, ya pili hutafuta dalili za manufaa, na ya tatu hulinganisha dawa hiyo na tiba iliyozoeleka kwa mamia au maelfu ya wagonjwa. Dawa ya zamani huweza kuruka sehemu kubwa ya mwanzo wa njia hiyo, kwa kuwa kipimo chake, jinsi mwili unavyoiondoa na dawa zinazogongana nayo vimekwisha kujulikana. Hatua ya tatu hairukwi. Usalama uliothibitishwa ni ule wa kipimo kilekile kwa mgonjwa wa aina ileile. Aspirini iliyo salama kwa mtu mwenye maumivu ya kichwa yaweza kuwa hatari kwa mtu ambaye tibakemia imempunguzia chembe za kugandisha damu.

Safari hii huenda pande zote mbili. Hidroksiyurea ilitumika kwanza dhidi ya saratani za damu, na baadaye ikawa nguzo ya tiba ya sikoseli. Utafiti uitwao REACH, uliofanyika Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa watoto wa Afrika wenye sikoseli waliotumia dawa hiyo walipungukiwa na vipindi vya maumivu, haja ya kuongezewa damu, malaria na vifo. Utafiti huo ulithibitisha pia kwamba hospitali za ukanda huu zina uwezo wa kuijaribu dawa ya zamani kwa viwango vinavyokubalika duniani, mradi pesa za kazi hiyo zipatikane.

Thalidomidi: dawa iliyopata mlipaji

Mfano unaojulikana zaidi ni wa dawa iliyoanza kwa maafa. Thalidomidi iliingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1957 kama dawa ya usingizi, ikasifiwa kuwa salama hata kwa wajawazito. Ilipoondolewa mwishoni mwa mwaka 1961, inakadiriwa kuwa zaidi ya watoto 10,000 katika nchi mbalimbali walikuwa wamezaliwa na ulemavu, wengi wakiwa na mikono au miguu isiyokua.

Mwaka 1964, daktari Jacob Sheskin wa Jerusalem alimpa thalidomidi mgonjwa wa ukoma aliyekosa usingizi kwa maumivu makali ya vipele vinavyotokana na mlipuko wa kinga ya mwili. Maumivu na vipele vilipungua upesi kuliko ilivyotarajiwa. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1994, watafiti wa Boston walionyesha kuwa dawa hiyo huzuia kuota kwa mishipa mipya ya damu. Kwa kuwa uvimbe wa saratani huhitaji mishipa mipya ili ukue, wazo la kuujaribu uwezo huo likazaliwa. Mwaka 1999 madaktari wa Chuo Kikuu cha Arkansas walichapisha matokeo ya wagonjwa 84 wenye mieloma, yaani saratani ya chembe za uboho zinazotengeneza kingamwili, ambao tiba nyingine zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Takriban theluthi moja yao walionyesha nafuu iliyopimika.

Thalidomidi ilisajiliwa Marekani mwaka 1998 kwa ajili ya ukoma, na mwaka 2006 kwa ajili ya mieloma. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu kwa tiba ya mieloma, pamoja na dawa ndugu yake, lenalidomidi.

Dawa hiyo ilikuwa kuukuu, na aliyelipia njia yake ni kampuni ya Marekani ya Celgene. Kampuni hiyo ilipata haki za kisheria juu ya matumizi mapya na juu ya mfumo wa kuigawa dawa kwa usalama, ili isimfikie mjamzito. Kisha ilitengeneza lenalidomidi, ambayo ni molekuli mpya yenye hataza yake yenyewe, yaani haki ya kuwa mtengenezaji pekee kwa muda maalumu. Mwaka 2020 mauzo ya lenalidomidi duniani yalizidi dola za Marekani bilioni 12. Mlipaji alipatikana kwa sababu alionyeshwa njia ya kurudisha fedha zake, na gharama hiyo ilibebwa na wagonjwa na mifuko ya bima. Kwa nchi ambazo mgonjwa hulipa mfukoni, bei ya namna hiyo ilimaanisha kuwa dawa ipo duniani lakini haipo hospitalini.

Hesabu isiyolipa

Dawa nyingi za zamani hazina njia hiyo. Hataza hudumu miaka 20 tangu maombi yake yalipowasilishwa, na sehemu ya miaka hiyo huisha kabla dawa haijafika sokoni. Ikishakwisha, kiwanda chochote chenye kibali huweza kuitengeneza, na ushindani huishusha bei. Kwa mgonjwa wa kisukari hii ni habari njema. Kwa anayetaka kulipia utafiti wa saratani, ni hesabu isiyolipa.

Mfano wa kubuni unatosha kulionyesha jambo hilo. Tuseme jaribio lina wagonjwa 2,000, na gharama ya kumpima, kumfuatilia kwa miaka mitano na kutunza kumbukumbu zake ni dola 2,000 kwa kila mmoja. Gharama yote inafikia dola milioni 4. Tuseme tena kuwa kiwanda hupata faida ya dola 10 kwa kila mgonjwa atakayetumia vidonge hivyo baadaye. Ili kurudisha fedha yake, kiwanda kitahitaji kuwauzia wagonjwa 400,000. Lakini siku matokeo yanapotangazwa, viwanda vingine vyote vinavyotengeneza kidonge hicho vitauza kwa kazi hiyohiyo bila kuchangia hata senti ya utafiti. Aliyelima shamba atavuna pamoja na wasiolima. Meneja yeyote mwenye busara ya kibiashara atapeleka fedha zake kwenye molekuli mpya.

Hapo hakuna njama ya kuficha tiba, kama inavyosemwa mara kwa mara mitaani. Dawa haikufichwa na mtu, maana iko rafuni na kila mtu anaiona. Kinachokosekana ni mwenye sababu ya kibiashara ya kuuliza swali, na swali lisiloulizwa halijibiwi. Tofauti hii ina uzito kwa mgonjwa. Anayeamini kuwa tiba imefichwa hukimbilia kuitumia. Anayeelewa kuwa swali halijaulizwa hudai liulizwe.

Kwa nini dalili njema hazitoshi

Pengine mtu atasema kuwa dawa ikiwa nafuu na salama, basi itumike tu bila kungoja utafiti mkubwa. Historia ya metformini inajibu hoja hiyo. Kwa miaka mingi kumbukumbu za hospitali zilionyesha kuwa wagonjwa wa kisukari wanaotumia metformini hupata saratani kwa kiwango kidogo, au huishi muda mrefu zaidi wakiwa nayo, kuliko wenye kisukari wasioitumia. Maabara nayo ilionyesha kuwa dawa hiyo hupunguza kasi ya ukuaji wa seli za saratani.

Ili kupata jibu, watafiti wakiongozwa kutoka Kanada waliandikisha wagonjwa 3,649 wasio na kisukari waliokuwa wametibiwa saratani ya matiti iliyokuwa haijasambaa. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa metformini kwa miaka mitano, na nusu wakapewa kidonge kinachofanana nayo kisicho na dawa ndani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Metformini haikuzuia saratani kurudi, na waliyoitumia walipata madhara zaidi.

Dalili za awali zilipotosha kwa sababu inayoeleweka. Ili mgonjwa ahesabiwe kuwa mtumiaji wa metformini wa miaka mitano, ni lazima kwanza aishi miaka hiyo mitano akichukua dawa. Aliyefariki mwaka wa pili hawezi kuingia katika kundi hilo. Hivyo kundi la watumiaji linakuwa limechujwa na uhai wenyewe, na dawa inapewa sifa isiyo yake. Kugawanya wagonjwa kwa bahati nasibu tangu mwanzo ndiko kunakoondoa udanganyifu huo.

Aspirini inafundisha somo la pili. Katika utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2024, wagonjwa 3,020 wa saratani ya matiti waligawanywa, na aspirini ya miligramu 300 kwa siku haikuwasaidia. Utafiti wa ASPREE, uliofanywa kwa wazee zaidi ya 19,000 wenye afya huko Australia na Marekani, ulikuta vifo vikiwa vingi kidogo zaidi kwa waliotumia aspirini, na saratani ikiwa sababu kuu ya tofauti hiyo.

Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti wa ALASCCA wa nchi nne za Skandinavia na jirani zake: Sweden, Norway, Denmark na Finland. Wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana walipimwa vinasaba vya uvimbe, na zaidi ya theluthi moja walikutwa na mabadiliko katika jeni iitwayo PIK3CA au jeni zinazoshirikiana nayo. Wagonjwa 626 wenye mabadiliko hayo walipewa, baada ya upasuaji, ama aspirini ya miligramu 160 kwa siku ama kidonge kisicho na dawa, kwa miaka mitatu. Miongoni mwa wenye mabadiliko ya aina kuu, saratani ilirudi kwa asilimia 7.7 ya waliotumia aspirini na asilimia 14.1 ya wasioitumia katika miaka hiyo mitatu. Madhara makubwa yalikuwa mengi zaidi upande wa aspirini.

Kwa hiyo kidonge kilekile kimekosa faida kwa saratani ya matiti, kimetia shaka kwa wazee wenye afya, na kimepunguza karibu kwa nusu kurudi kwa saratani ya utumbo mpana kwa kundi lenye vinasaba maalumu. Asiyefanya utafiti mkubwa hawezi kujua yuko upande gani. Unafuu wa kidonge hauondoi gharama ya kulijua hilo.

Sindano ya ganzi iliyolipiwa na umma

Iwapo kampuni hazina sababu ya kulipa, nani alipe? Jibu mojawapo limetoka Mumbai, India. Hospitali ya Tata Memorial, inayogharamiwa na serikali ya nchi hiyo kupitia Idara ya Nishati ya Atomiki, ilijiuliza swali rahisi: je, ganzi ya lignokeini, ambayo pia huitwa lidokeini, ikichomwa kuzunguka uvimbe wa titi dakika chache kabla ya upasuaji, itapunguza uwezekano wa saratani kusambaa? Wazo lilikuwa kwamba kisu cha upasuaji chenyewe huchokoza uvimbe na huweza kuzipa seli zake nafasi ya kuhama, na kwamba lignokeini, ambayo hufunga milango ya sodiamu kwenye ukuta wa seli, ingetuliza mchakato huo.

Hospitali 11 za India zilishiriki. Wanawake 1,583 wenye saratani ya matiti ya hatua za mwanzo, waliopangiwa kuanza na upasuaji, walichambuliwa. Nusu walichomwa lignokeini ya asilimia 0.5 dakika 7 hadi 10 kabla uvimbe haujatolewa, na nusu walifanyiwa upasuaji wa kawaida bila sindano hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Baada ya miaka mitano, asilimia 90.1 ya waliochomwa walikuwa hai, dhidi ya asilimia 86.4 ya wasiochomwa. Hiyo ni tofauti ya wanawake karibu wanne katika kila 100, iliyoletwa na dawa inayopatikana katika kila chumba cha upasuaji.

Matokeo hayo yanahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kundi la ulinganisho halikuchomwa sindano yoyote, hivyo madaktari wa upasuaji walijua nani amepata dawa. Utafiti ulifanyika katika nchi moja. Wanawake walioanza na tibakemia kabla ya upasuaji hawakuhusishwa. Jibu la wasiwasi huo ni kurudia utafiti mahali pengine, na hapo ndipo swali la fedha linaporudi, kwa kuwa hakuna kiwanda cha lignokeini kitakachoulipia.

Hospitali hiyohiyo ilifanya jaribio jingine kwa wagonjwa 422 wa saratani ya kichwa na shingo waliokuwa hawatibiki tena kwa kupona. Kundi moja lilipewa sindano ya sisplatini kila wiki tatu. Jingine lilipewa vidonge vya methotreksati mara moja kwa wiki pamoja na selekoksibu, dawa ya maumivu ya viungo, kila siku. Waliotumia vidonge waliishi muda wa wastani wa miezi 7.5, na waliopata sindano miezi 6.1. Madhara makali yaliwapata asilimia 19 ya waliomeza vidonge na asilimia 30 ya waliochomwa. Miezi hiyo ni michache, na ukweli huo haufai kufichwa. Lakini kwa mgonjwa anayeishi mbali na hospitali ya rufaa, vidonge vinavyomezwa nyumbani vina maana kubwa kuliko takwimu inavyoonyesha, kwani nauli, siku za kulazwa na kazi iliyoachwa navyo ni sehemu ya gharama ya tiba.

Gharama ya pili: usajili

Hata baada ya utafiti kufanikiwa, kuna mlango mwingine. Dawa husajiliwa kwa ugonjwa uliotajwa katika maelezo yake. Kuiongezea ugonjwa mpya kunahitaji mtu awasilishe maombi, ajibu maswali ya mamlaka na awajibike kwa taarifa za usalama. Kazi hiyo nayo haina faida kwa kiwanda kinachouza dawa ya bei ya chini. Daktari huweza kuiandika dawa nje ya maelezo yaliyosajiliwa kwa wajibu wake wa kitaaluma, lakini wengi husita, na bima nyingi hukataa kulipa.

Uingereza ilikutana na tatizo hilo kwa anastrozoli, dawa ya kutibu saratani ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi. Utafiti wa IBIS-II uliohusisha wanawake 3,864 wenye hatari kubwa ya kupata saratani hiyo ulionyesha kuwa kidonge kimoja kwa siku kwa miaka mitano hupunguza uwezekano wa kuugua kwa takriban nusu, na kinga hiyo iliendelea miaka kadhaa baada ya vidonge kuisha. Mwongozo wa kitaifa uliipendekeza mwaka 2017, lakini dawa haikuwa na usajili wa kazi ya kinga, na ni wachache walioipata. Huduma ya afya ya umma ya Uingereza ilianzisha mpango maalumu wa kuzipa dawa za zamani kazi mpya, ikashirikiana na kiwanda kimoja cha dawa zisizo na hataza, na Novemba 2023 usajili ukapatikana. Somo lake ni kwamba bajeti ya utafiti isiyotenga kitu kwa ajili ya usajili humwacha mgonjwa mlangoni.

Mashirika yasiyo ya kibiashara nayo yamejitokeza. Anticancer Fund ya Ubelgiji hukusanya ushahidi kuhusu dawa za zamani na kusaidia majaribio ambayo soko limeyapa kisogo. Cancer Research UK inachangia utafiti mkubwa wa aspirini wa Add-Aspirin, unaohusisha Uingereza, Ireland na India. Katika mapendekezo ya sheria mpya za dawa ya mwaka 2023, Tume ya Ulaya ilitaka taasisi zisizotafuta faida ziruhusiwe kuwasilisha ushahidi wa matumizi mapya kwa mamlaka ya dawa, badala ya kungoja kiwanda kifanye hivyo.

Nafasi ya Afrika Mashariki

Kwa Tanzania, Kenya, Uganda na majirani zao, jambo hili linagusa moja kwa moja. Mgonjwa anayeambiwa kuwa tiba ya kisasa inagharimu mamilioni ya shilingi kwa mwezi ana sababu ya kutaka dawa za bei nafuu zichunguzwe kwa dhati. Lakini majibu ya kwingineko hayahamishiki kama yalivyo. Wanawake wengi wa ukanda huu hufika hospitali saratani ya matiti ikiwa imefika hatua ya tatu au ya nne, wakati utafiti wa Mumbai uliwahusu wa hatua za mwanzo. Kipimo cha jeni ya PIK3CA hakipatikani katika hospitali nyingi, na bila kipimo hicho matokeo ya ALASCCA hayampi daktari msingi wa kumwandikia aspirini mgonjwa aliye mbele yake.

Taasisi zipo: Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza, KCMC mjini Moshi, Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanzishwa mwaka 1967, hospitali za rufaa za Nairobi na Eldoret, na kituo cha Butaro nchini Rwanda. Hakuna hata moja inayoweza peke yake kupata haraka wagonjwa 1,500 wenye sifa zinazofanana. Zikiunganisha daftari zao za wagonjwa na kutumia itifaki moja, idadi hiyo inafikika. Utafiti wa sindano ya ganzi ni mfano wa swali linaloweza kuulizwa hapa: dawa ipo, vyumba vya upasuaji vipo, na kinachohitajika zaidi ni wauguzi wa utafiti, huduma nzuri ya patholojia na ufuatiliaji wa miaka mitano usiopoteza wagonjwa.

Fedha za kazi hiyo zinaweza kutoka kwa serikali, mifuko ya bima na wafadhili wa nje kwa pamoja. Bima ina sababu yake, kwa kuwa dawa ya bei ndogo inayozuia saratani kurudi huiokolea gharama ya tibakemia ya baadaye. Kwa mtazamo huo, kulipia utafiti wa dawa isiyo na mwenyewe ni akiba ya mfuko.

Kwa watoa huduma

Mtoa huduma anapoulizwa kuhusu dawa ya zamani inayosemwa kutibu saratani, inafaa ajiulize mambo manne. Je, ushahidi umetoka maabara, kwa wanyama, au kwa binadamu? Kama ni kwa binadamu, je, waligawanywa kwa bahati nasibu? Saratani ilikuwa ya aina gani na hatua ipi? Kipimo kilikuwa kiasi gani? Artesunati inafaa kuwa mfano: utafiti mdogo wa London kwa wagonjwa 23 wa saratani ya utumbo mpana ulitoa dalili za kutia moyo, lakini watu 23 wanatosha kuhalalisha jaribio kubwa na hawatoshi kubadili tiba.

Inafaa pia kumuuliza kila mgonjwa wa saratani, bila kumlaumu, ni dawa gani anatumia zaidi ya alizoandikiwa. Anayeogopa kukemewa huficha, na kinachofichwa hakiwezi kuzuiwa kisidhuru. Aspirini huongeza hatari ya kutokwa damu, metformini ni hatari kwa mwenye figo dhaifu, na mebendazoli ikitumiwa kwa vipimo vikubwa kwa muda mrefu huweza kudhuru ini na uboho. Thalidomidi na lenalidomidi kamwe hazitolewi kwa mwanamke anayeweza kushika mimba bila kipimo cha ujauzito na uzazi wa mpango wa uhakika.

Kwa wagonjwa na familia zao

Mgonjwa mwenye saratani hana muda wa kupoteza, na hamu ya kujaribu kila kitu inaeleweka. Hatari kubwa ya dawa za minyoo, pamoja na zile za mifugo zinazotangazwa kuwa tiba ya saratani, ni kwamba huchukua nafasi ya upasuaji, mionzi au tibakemia ambayo ingesaidia, na uvimbe hausubiri. Anayetaka kujua kama dawa fulani inamfaa aitaje kwa jina mbele ya daktari wake na asiache tiba aliyopangiwa.

Akialikwa kushiriki utafiti, ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, kuuliza kama kamati ya maadili na mamlaka ya dawa ya nchi yake zimeuidhinisha, kukataa, na kujitoa wakati wowote bila kunyimwa huduma ya kawaida. Hapaswi kuuziwa dawa inayochunguzwa. Anayetozwa fedha kwa jina la majaribio ana sababu ya kusimama na kuuliza.

Vyama vya wagonjwa navyo vina kauli. Wabunge hupanga bajeti, bodi za bima huamua kinacholipiwa, na vyuo vikuu huchagua maswali ya kuchunguza. Wote hao husikia zaidi wanapoulizwa jambo mahususi: dawa fulani, kwa saratani fulani, itafanyiwa utafiti lini, na kwa fedha za nani?